Mashua ikilala upande, msikimbilie jiwe

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa nakwenda na kurudi Bagamoyo, kutazama mashua ya baba yangu mdogo iliyokuwa imelala upande.

Najua wengi wenu mnaosoma hapa mko maofisini na vyuoni, na chombo cha tanga mnakiona kwa mbali mkiwa mmekaa ufukweni mnakula mihogo. Lakini lugha yenu imejaa bahari bila ninyi kujua. Kila siku nasikia watu mjini wakisema mambo yamekwenda mrama. Mrama ni habari ya chombo: ni ule mwendo wa kuyumba, upande huu na upande huu. Kwa hiyo naomba mnivumilie leo niongelee chombo chenyewe, halafu mwisho mtaniambia kama nimepotea njia.

Mashua ya Ba' mdogo ni ya zamani. Aliinunua ikiwa tayari imepita mikononi mwa watu wengine, na yeye mwenyewe hajui vizuri ni wangapi. Ni ya mbao, ina tanga, na siku za karibuni imeongezewa mashine ya nyuma kwa ajili ya siku zisizo na upepo. Inabeba watu saba kwenda kuvua dagaa. Mmoja wa hao saba ni mwanawe, yaani ndugu yangu ambaye tumekua pamoja na kugombania mto mmoja wa kulalia.

Nilipofika, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mashua imeegemea kushoto. Si sana. Mtu asiyeangalia asingeona. Nikamwuliza Ba' mdogo, akacheka: "Hiyo ndiyo tabia yake, mwanangu. Hata wewe una bega moja limeshuka." Akaniambia dawa anayo, anatafuta mawe mawili matatu ayatie upande wa kulia, kazi imekwisha. Mwezi ulikuwa unakaribia kuingia giza, na giza ndilo wakati wa dagaa, kwa sababu dagaa hufuata taa na mwezi ukiwaka taa haina maana. Usiku wa giza ukipita bila kutoka, umepita.

Nami nikakubali. Nataka hilo lijulikane mapema kabla sijaanza kujifanya mwerevu. Niliona ni jambo la akili kabisa: kushoto kumezidi uzito, ongeza kulia. Hata mizani ya duka la mpemba inafanya kazi hivyo.

Aliyekataa ni fundi. Mzee mmoja anayeunda na kukarabati vyombo pale ufukweni, mtu wa maneno machache, ambaye nilimwamkia shikamoo akaitikia bila kuacha kupiga randa. Ba' mdogo alikuwa amemwita aje tu kuangalia upenyo mdogo karibu na usukani. Mzee akaitazama mashua, akauliza: "Inalala tangu lini?" Ba' mdogo akasema siku nyingi. "Inalala upande huo huo kila siku, au siku nyingine inahamia kulia?" Kushoto tu, siku zote. Mzee akasema, "Afadhali." Kisha akasema hatatia jiwe lolote mpaka ajue kwa nini.

Lile swali lake la pili sikulielewa siku ile. Baadaye nilipomwuliza alinieleza, na nikirudi mjini nikasoma nikakuta wahandisi wa meli wanasema jambo lile lile. Hebu niwaelezeni, maana ndilo linalotenganisha usumbufu na mauti.

Chombo kinaweza kulala upande kwa sababu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni uzito uliokaa upande mmoja. Hapo chombo chenyewe kina afya, ila kimebebeshwa vibaya. Ukisukuma ubavu wake kwa mkono kinayumba, halafu kinarudi pale pale kilipokuwa. Hiki ukihamisha uzito, kinanyooka.

Ya pili ni uzito uliokaa juu. Mzigo umepandishwa mno, au chini kumekuwa kwepesi, au maji yamejaa ndani na yanatembea. Chombo cha namna hii hakiwezi kusimama wima hata kama pande zote mbili ziko sawasawa kwa kilo. Kinadondokea upande mmoja na kutulia hapo, na wimbi likikipiga vizuri kinaweza kuhamia upande wa pili. Sasa msikilize vizuri: chombo cha namna hii ukikitilia uzito upande ulioinuka, hakinyooki. Kinapita katikati na kuanguka upande wa pili kwa nguvu zaidi, na safari hii kina msaada wa jiwe lako. Dawa yake ni kushusha mzigo chini, kufua maji, na kuongeza uzito chini kabisa katikati. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ni sumu ya ugonjwa wa pili. Na kwa macho ya mtu aliyesimama ufukweni, magonjwa yote mawili yanafanana.

Ndiyo maana Mzee alisema afadhali. Mashua yetu ilikuwa na ugonjwa wa kwanza. Lakini ugonjwa wa kwanza nao lazima uwe na chanzo.

Kesho yake alfajiri, maji yakiwa yamejaa na bahari imetulia kama mafuta kwenye sahani, tukaanza kupima. Nilidhani tungehitaji kifaa fulani. Mzee alikuja na timazi, ile ya waashi, yenye kamba. Akaifunga katikati ya ubao wa kukalia, mita moja juu ya mkuku, yaani ule mti mkubwa unaokwenda kutoka omo mpaka tezi na kubeba chombo kizima. Kama mashua ingekuwa wima, ncha ingeangukia katikati ya mkuku. Iliangukia kushoto kwa sentimita 5. Mkitaka hesabu, kwa kamba ya mita moja kila sentimita 1 na robo tatu ni kama nyuzi 1, kwa hiyo tulikuwa karibu na nyuzi 3. Mnaweza kuona ni kidogo. Lakini mashua yetu ina upana wa mita 2 na sentimita 40, na kwa nyuzi hizo ubavu wa kushoto ulikuwa karibu na maji kwa sentimita 12 kuliko wa kulia. Sentimita 12 ni urefu wa wimbi ambalo halina hata jina.

Kisha akachukua gunia la chumvi la kilo 50 na kulisogeza kutoka katikati kwenda kulia, mita moja. Ncha ya timazi ikahama sentimita 2. Akanitazama: "Wewe umesoma. Inataka magunia mangapi?" Mawili na nusu, nikasema. "Basi kuna kitu humu ndani chenye nguvu ya magunia mawili na nusu, kimekaa kushoto. Ni nini?"

Nikanyamaza. Kwa sababu hesabu ile ile ambayo ingeniambia nitie mawe mangapi, ndiyo sasa ilikuwa inaniambia kuna kitu kimejificha. Niliyoyaona kwa macho hayakutosha: tangi la mafuta ya mashine lilikuwa kushoto, nanga na kamba zake kushoto, nyavu zinalundikwa kushoto kwa sababu ndiko zinakotupwa. Tukavitoa vyote. Timazi ikasogea, lakini kidogo.

Ndipo Mzee akaamuru tutoe farumi. Kwa wale wa mjini, farumi ni ule uzito wa mawe au mchanga unaowekwa chini ya chombo ili kisiyumbe. Yamekaa chini ya mbao za kukanyagia, na Ba' mdogo alikiri kwamba tangu anunue chombo hicho hajawahi kuyatoa yote. Tukayatoa, tukayahesabu. Upande wa kushoto wa mkuku mawe 12. Upande wa kulia mawe 31.

Ba' mdogo akakaa chini mchangani.

Mmeelewa? Mashua ilikuwa inalala kushoto huku ikiwa na mawe mengi zaidi kulia. Wenye chombo waliotangulia, labda wawili, labda watatu, kila mmoja aliona mashua inalala, kila mmoja akatia mawe kulia, kila mmoja akaona imenyooka, na kila mmoja akaenda zake akijua amemaliza. Ba' mdogo alikuwa anataka kuwa wa nne. Tulipoirudisha majini ikiwa tupu, ncha ya timazi ilikwenda sentimita 9. Najua sehemu ya hilo ni kwa sababu chombo kisicho na farumi ni chepesi na kinainama kwa urahisi. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa sura yake ya kweli, ambayo mawe yalikuwa yameificha kwa miaka.

Sasa ikaja sehemu ngumu. Ili kufungua ubavu na kuangalia ndani, mashua ilibidi ipandishwe juu mchangani. Na siku nzuri za kupandisha ni za bamvua, maji yanapojaa sana na kukupeleka mbali juu ya ufuko, halafu yakakuacha mkavu kwa siku nyingi. Bamvua inakuja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mwezi mwandamo ndio giza, na giza ndio dagaa. Yaani siku ambazo mashua ingeweza kutibiwa ndizo siku ambazo ingeweza kuingiza pesa. Ukiipandisha, hutoki mpaka bamvua ya pili, karibu wiki mbili.

Palikuwa na maneno pale, jamani. Watu saba wana familia. Ba' mdogo ana deni la mashine. Mmoja wa mabaharia alisema wazi kwamba mashua hii imekwenda hivyo hivyo miaka yote na hakuna aliyekufa, kwa nini leo ndio iwe mgonjwa? Sikuwa na jibu zuri. Mzee naye hakubishana. Alisema tu, "Chombo chenu, roho zenu. Mimi jiwe sitii." Akachukua timazi yake akaanza kukunja kamba.

Aliyeamua ni Ba' mdogo, na sidhani aliamua kwa hesabu. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akasema ipandishwe.

Waswahili wana msemo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimeusikia tangu shuleni, nikaufanyia mtihani, nikapata maksi, na sikuwahi kuiona ngama kwa macho yangu. Ngama ni kule chini kabisa ya chombo, maji machafu yanakokusanyikia. Siku ya tatu mashua ikiwa imeegemezwa kwa magogo, Mzee akaniita nichungulie. Upande wa kushoto, kati ya mataruma, ambayo ndiyo mbavu za chombo, palikuwa na kitu cha kijivu kimejaa, kimepakwa vizuri na kusawazishwa kwa mwiko.

Saruji.

Mtu fulani zamani aliona maji yanapenya. Badala ya kutoa ubao ulioharibika na kutia mpya, au kukalafati ule mwanya kwa pamba na mafuta kama inavyopaswa, akamwaga saruji kwa ndani. Maji yakaacha kuonekana. Waswahili haohao wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliuziba ufa kwa ukuta.

Tukaibomoa kwa patasi na nyundo siku nzima, tukaipima kwa mizani ya samaki: kilo 140 na ushei. Lakini uzito haukuwa ubaya wake mkubwa. Saruji haishikani na mbao milele. Mbao hupanuka ikilowa na kusinyaa ikikauka, saruji haifanyi hivyo, kwa hiyo baada ya muda pakawa na nafasi nyembamba kati yao, maji ya chumvi na ya mvua yakaingia humo na hayakuwa na pa kutokea. Mataruma manne yalikuwa yameoza. Mzee alitia kisu kwenye moja likaingia mpaka mpini kama anakata mkate. Ubao wa nje mahali hapo ulikuwa umeshikiliwa na misumari iliyoshika hewa, na na hiyo saruji yenyewe. Na mbao zilizoloa kiasi hicho nazo ni nzito. Uozo wenyewe ulikuwa sehemu ya ule uzito wa magunia mawili na nusu.

Sasa rudini kwenye yale mawe yetu matatu. Tungeyatia, mashua ingenyooka, tungepiga picha. Watu saba wangetoka usiku wa giza, na juu ya ubavu uliooza tungekuwa tumeongeza mzigo. Kule kulala kidogo kulikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki kwa ile mashua kusema kwamba inaumwa, nasi tulikuwa tunakwenda kumziba mdomo.

Nikirudi mjini nilianza kusoma kama kichaa. Nikakutana na habari za meli ya kivita ya Sweden iitwayo Vasa. Nawapa kwa kifupi. Mwaka 1628, kabla haijaondoka Stockholm, waliipima uthabiti wake kwa kuwakimbiza mabaharia 30 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kwenye sitaha. Mara ya tatu ikaanza kuinama vibaya mno, na jaribio likasimamishwa kwa hofu ya kuizamisha pale pale gatini. Aliyekuwepo akitazama ni makamu wa amirijeshi wa majini, Klas Fleming. Mfalme Gustav II Adolf alikuwa mbali vitani na aliitaka meli yake haraka. Tarehe 10 Agosti ikatweka tanga na mizinga yake 64, ikaenda kama mita 1,300, upepo wa kawaida ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama mbele ya mji mzima. Huo ulikuwa ugonjwa wa pili, wa uzito kukaa juu. Meli ilikuwa imesema. Waliosikia walikuwa na haraka.

Ilipoinuliwa kutoka majini mwaka 1961 na watafiti wakaipima kwa miaka mingi, walikuta kwamba hata pande zake mbili hazilingani. Ndani yake zilipatikana rula nne za mafundi: mbili zilifuata futi ya Sweden yenye inchi 12, mbili futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Kila fundi alikuwa sahihi kwa rula yake.

Nami siwezi kuwasema Waswidi wa miaka 400 iliyopita nikawaacha wenzangu na mimi mwenyewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Mwaka 1996 tulikuwa na MV Bukoba. Mwaka 2011 MV Spice Islander. Kila mara tunalia, tunapeperusha bendera nusu mlingoti, tunaunda tume. Na kwa vyombo vidogo, vile vya watu saba, hata tume hakuna. Kuna mstari mmoja gazetini: chombo kilizidiwa na upepo mkali.

Mstari huo nimeuandika mimi. Si mara moja. Unapiga simu, unaambiwa palikuwa na upepo, unaandika upepo, unatuma kabla mhariri hajafunga ukurasa. Upepo hauna msemaji wa kukanusha, hauna wakili, na haukuombi nakala ya habari. Lakini upepo ule ule siku ile ile uliwapiga wengine wakarudi nyumbani. Hatukuuliza: kile chombo kilikuwa kinalala upande kabla? Tangu lini? Nani aliona? Nani alitia jiwe?

Najua kuna msomaji atasema, wewe una mshahara, ni rahisi kuhubiri. Ni kweli, na sitaki kulikwepa. Jiwe ni bure, liko ufukweni, na unatia leo ukatoka leo. Mbao za mninga si bure. Matengenezo yale yalimeza zaidi ya mshahara wangu wa miezi miwili, na sehemu yake nililipa mimi, ndiyo maana mmeniona nikitembea kwa miguu. Watu saba walikosa giza zima la mwezi. Aliyemwaga saruji hakuwa mjinga wala mwovu. Huenda naye alikuwa na deni, huenda naye alikuwa na siku mbili tu kabla ya giza. Simlaumu kwa kuziba. Namlaumu kwa kutomwambia aliyefuata. Na wale wa mawe, simlaumu hata mmoja kwa kutia jiwe. Nawalaumu kwa kutouliza.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo na ina sehemu mbili.

Kwenu wenye vyombo, hata ninyi wachache wenye vile vya faiba vya starehe: chombo kikilala, kwanza toeni kila kitu. Kwa vya kisasa angalieni betri, tangi la maji, tangi la mafuta, mnyororo wa nanga, na lile kabati ambalo kila mtu anatupia vyuma. Fueni maji yote ya chini, maana maji hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia. Pimeni kwa timazi kikiwa tupu, andikeni namba ukutani. Kisha rudisheni kimoja kimoja. Kama kikiwa tupu kinalala zaidi kuliko kikiwa na mizigo, mjue kuna mtu aliwatangulia.

Kwa upande wa serikali: ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara siku hizi uko chini ya TASAC, shirika lililotokana na sheria ya mwaka 2017. Ningependa kuona kwamba chombo cha mbao cha zamani hakipati cheti mpaka mkaguzi akione kikiwa kimetolewa farumi yote na mbao za kukanyagia zimenyanyuliwa. Kuhesabu makoti ya kuokolea ni vizuri, lakini koti linasaidia baada ya chombo kwenda. Na kama sharti hilo litamkosesha mvuvi giza la mwezi, basi litafutiwe njia, mkopo mdogo au fundi wa wilaya, la sivyo tutakuwa tumemwambia mtu achague kati ya sheria na chakula, na sote tunajua atachagua nini.

Mashua ilishuka majini kwenye bamvua iliyofuata, mwezi ukiwa mpevu. Mataruma mapya, mbao tatu mpya, pamba mpya, imepakwa mafuta mpaka inanuka mtaa mzima. Tangi la mafuta limehamia katikati. Farumi yamerudi mawe 26 tu, yamepangwa juu ya mkuku, pande zote sawa. Mzee akafunga timazi. Ncha ikaangukia kushoto, chini ya sentimita 1.

Ba' mdogo akasema, "Fundi, basi kajiwe kamoja tu."

Mzee akakataa tena. Alisema hiyo ndiyo mashua yenyewe, aliyeiunda aliiunda kwa macho, na hakuna chombo cha mbao ambacho mbavu zake za kulia ni pacha wa zile za kushoto. "Hiyo sasa tunaijua," akasema. "Ikiongezeka, mniite."

Ndugu yangu ametoka nayo jana usiku. Nimemwambia kila wanapotaka kutoka apige timazi na kunitumia namba kwa simu. Leo asubuhi kanitumia: pale pale, haijasogea.

Naomba kuwasilisha.